Mswaki wa mama una mota, wangu hauna

Kabla hujanunua mswaki wa umeme, ulizia kwanza bei ya kichwa chake. Mpini utaununua mara moja na unaweza kukaa nao miaka, lakini kile kipande cha mbele chenye nywele kinachakaa sawasawa na mswaki mwingine wowote, na kinatakiwa kubadilishwa kila baada ya miezi mitatu hivi. Hapa Dar es Salaam mpini hausumbui kuupata. Supermaketi kubwa wanao, baadhi ya maduka ya dawa ya Masaki na Mikocheni wanao, na wanaouza Instagram wanakuletea hadi mlangoni kwa bodaboda. Vichwa ndiyo kazi. Leo vipo, kesho mzigo haujaingia, keshokutwa unapewa vile vya "vinaingia mipini yote" ambavyo ukivivalisha vinacheza na kukugonga meno. Nimeshaingia nyumba zaidi ya moja nikakuta mpini wa laki na kitu umesimama bafuni bila kazi, na pembeni yake, kwenye kikombe, mswaki wa dukani wa bei ya chini kabisa ndio unaolisha familia usafi.

Naandika haya kwa sababu nyumbani kwetu tuna aina zote mbili, na wageni wakiuona wa umeme wananiuliza swali lile lile: una tofauti kweli, au ni mambo ya wenye hela tu? Mimi huwa nawajibu kwa kuwaangalia mikono.

Mama yangu ana baridi yabisi. Vidole vya mkono wa kulia vimepinda, na kazi yoyote inayotaka kubana kitu chembamba imekuwa mateso kwake. Sindano ya kushonea aliiacha zamani. Kufungua kifuniko cha chupa anaita mtu. Lakini kwa mswaki hakuita mtu, kwani mtu mzima aliyelea watoto wake wote atamwambiaje mwanawe njoo unisugue meno? Akawa anapitisha mswaki mbele, anasukutua, anatoka bafuni. Sisi tunamwona anatabasamu, meno ya mbele safi, tunajua mambo yako sawa.

Aliyegundua ni daktari wa meno, kijana mwenye umri wa kuwa mjukuu wake wa kwanza. "Shikamoo mama." "Marahaba baba, hujambo?" Akamweka kwenye kiti, akawasha taa, akachungulia kwa muda mrefu kidogo kuliko nilivyozoea. Kisha akauliza taratibu, "Mama, huku nyuma mswaki unafika kweli?" Mama hakumjibu. Aligeuza macho akaniangalia mimi, na hapo nikaelewa. Fizi za magego zilikuwa zimevimba, zikiguswa tu zinatoa damu, na ukoga umeshikana kwenye mizizi hadi umekuwa na rangi ya kahawia. Ukikauka na kugeuka jiwe namna ile, ukoga hautolewi na mswaki wa aina yoyote, uwe wa shilingi elfu moja au wa laki tatu. Unakwanguliwa kwa vyuma hospitali. Alikwanguliwa, na wakati tunaondoka daktari akaniambia kwamba mtu mwenye mkono kama wa mama ndiye hasa aliyetengenezewa mswaki wa umeme.

Nilidhani anasema tu kutufariji. Baadaye nilipofuatilia nikakuta ndivyo historia yenyewe ilivyo. Mswaki wa umeme wa kwanza kufanikiwa sokoni, Broxodent, ulibuniwa Uswisi mwaka 1954 na Dkt. Philippe-Guy Woog, na waliolengwa mwanzoni walikuwa wagonjwa ambao mikono yao haina nguvu au uratibu, pamoja na watu waliofungwa waya za kunyoosha meno. Ulikuwa na waya wake wa kuchomeka ukutani, jambo ambalo ukilifikiria bafuni penye maji linatia hofu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ukaingia Marekani, na muda mfupi baadaye General Electric wakatoa usio na waya, wa kuchaji. Kuanzia hapo matangazo yakauchukua kutoka mikononi mwa wagonjwa na kuupeleka kwa kila mtu. Miswaki ya mitetemo ya kasi, ambayo mauzo yake yalianza miaka ya 1990, ilitokea eneo la Seattle, huko huko Marekani.

Kwa leo madukani utakutana na aina kuu mbili. Kuna ya kichwa kidogo cha duara, kinachozunguka nusu huku na nusu kule bila kumaliza mzunguko. Na kuna ya kichwa kirefu kinachofanana na mswaki wa kawaida, ambacho hakizunguki, kinatetemeka tu, maelfu kwa maelfu ya mara kwa dakika. Watu wanabishana sana ipi bora. Mimi ubishi huo nauona mdogo, maana tofauti kati ya hizo mbili ni ndogo kuliko tofauti kati ya mtu anayepiga mswaki usiku na asiyepiga.

Je, ni kweli unasafisha zaidi? Ndiyo, na hapa kuna namba za kuaminika. Mwaka 2014 Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya tafiti za tiba na kuzipima kwa pamoja, walitoa mapitio ya tafiti 56 zilizohusu watu 5,068, watoto na watu wazima. Waliotumia wa umeme walikuwa na utando mchache kwenye meno kwa asilimia 11 katika miezi ya mwanzo, na kwa asilimia 21 baada ya miezi mitatu na kuendelea. Uvimbe wa fizi ulipungua kwa asilimia 6, kisha 11. Ukweli huo usidharauliwe. Lakini soma tena: asilimia 11 ya uvimbe wa fizi. Watafiti wenyewe walisema kwamba faida ya muda mrefu, ile ya mtu kufika uzeeni na meno yake, haikuwa wazi kwenye tafiti hizo. Kuna utafiti mwingine wa Pomerania, kaskazini mwa Ujerumani, uliowafuata watu kwa miaka 11 na kukuta watumiaji wa mswaki wa umeme wana fizi zenye afya zaidi na meno mengi zaidi yaliyobaki. Unavutia, ila anayemudu kununua mswaki wa umeme mara nyingi anamudu na mengine, ikiwemo kumwona daktari kabla jino halijauma. Kutenganisha kazi ya mota na kazi ya mfuko si rahisi, hata watafiti wakijitahidi vipi.

Kwa hiyo kwa mwenye mikono mizima, faida ipo na ni ndogo. Kwa mama yangu ilikuwa kubwa, kwa sababu ulinganisho wake haukuwa kati ya mswaki wa umeme na mswaki wa kawaida unaotumiwa vizuri. Kwake ulikuwa kati ya mswaki wa umeme na magego yasiyosafishwa kabisa.

Kaka yangu anayeishi Marekani ndiye aliyeutuma. Kwa wenye ndugu ughaibuni naomba mnisikilize hapa vizuri. Ukipokea mswaki wa umeme kutoka Marekani, usiuchomeke. Geuza kwanza kile kitako cha kuchajia, usome maandishi madogo chini yake. Umeme wa kule ni volti 120, wa kwetu ni 230. Simu na kompyuta siku hizi zinakubali zote, ndiyo maana tumejisahau, lakini vitako vingi vya miswaki ya soko la Marekani vimeandikwa 110 hadi 130 tu, na ukikichomeka kwenye soketi ya TANESCO kitaungua. Kinachofaa kwetu kimeandikwa 100 hadi 240, au 220 hadi 240. Cha mama kilikuwa cha kule. Tulimpigia kaka, akaagiza kitako kingine cha mfano uleule kinachokubali umeme wetu, na mswaki ukakaa kwenye boksi hadi kilipofika. Miswaki ya kutoka Uingereza ina kero nyingine: umeme wao unaendana na wetu, ila plagi ya mswaki ni ya pini mbili za mviringo za soketi zao za bafuni, hivyo unahitaji adapta.

Suala la umeme kukatika, ambalo watu hulitaja la kwanza, kwa kweli halisumbui. Mswaki wa betri ya lithiamu ukijaa unakaa wiki mbili hivi. Hata mgao ukiwa mkali namna gani, ndani ya wiki mbili utapata masaa ya kuchaji. Na kwenye LUKU hutauona kabisa.

Siku za mwanzo zilikuwa vichekesho. Mama aliuwasha kabla haujaingia mdomoni, dawa ikaruka hadi kwenye kioo na kwenye kanga yake. "Mwanangu, hiki kidude kinaninguruma mpaka kwenye masikio!" Nikamwonyesha: weka dawa, ingiza mdomoni, funga mdomo kidogo, ndipo ubonyeze. Kisha kikaja kigumu zaidi, kumfanya aache kusugua. Amesugua maisha yake yote, na mkono ukishika mswaki unataka kwenda mbele na nyuma. Wa umeme hausuguliwi. Unauegemeza kwenye jino, pale jino linapokutana na fizi, unatulia sekunde mbili tatu, unahamia jino linalofuata. Nje, ndani, juu. Mwisho ule mpini mnene, ambao mimi niliuona kama ubaya wa umbo, ndio ulioamua mambo. Vidole vyake haviwezi kufumba hadi mwisho, lakini kitu kinene anakishika. Uzito kidogo unamchosha, kwa hiyo anaushika kwa mikono miwili na kuegemea sinki.

Na hapo nitoe siri isiyouzwa dukani. Kama shida ni kushika tu, na laki na nusu hakuna, mpini wa mswaki wa kawaida unaweza kunenepeshwa. Ule mpira wa usukani wa baiskeli unaingia vizuri. Kipande cha sponji kilichozungushwa na kufungwa kwa raba kinafanya kazi, ilimradi ubadilishe kikianza kunuka. Wauguzi wanaohudumia waliopata kiharusi wanaijua mbinu hii. Tulimfanyia hivyo mama wakati tunasubiri kitako cha kuchajia kifike, na nusu ya tatizo ikaisha hapo hapo.

Mimi mwenyewe natumia wa kawaida, nywele laini. Nasisitiza laini, kwa sababu sisi tuna imani kwamba mswaki mgumu ndio unaong'arisha, na dukani ukiomba mswaki bila maelezo unaweza kupewa wa kati au mgumu. Mswaki mgumu kwenye mkono wenye hasira unakula fizi. Fizi inarudi nyuma, shingo ya jino inabaki wazi, na mtu anaanza kulalamika maji baridi yanamuuma. Miswaki mingi ya umeme ya bei ya kati ina kitaa kinachowaka nyekundu ukikandamiza kupita kiasi, na nakiri kitaa hicho ni kitu cha maana kuliko mambo yote ya kuunganisha mswaki na simu. Kingine cha maana ni saa yake: kila sekunde 30 unashtua kidogo kukuambia hamia robo nyingine ya mdomo, na baada ya dakika mbili unazima au kukupa ishara ya kumaliza. Dakika mbili ni ndefu. Usiniamini mimi, weka saa ya simu kesho asubuhi uone ulikuwa unaishia wapi.

Ukiwa na wa kawaida, ulaze kwa pembe ya nyuzi 45 kuelekea kwenye fizi, utikise kidogo kidogo mahali pamoja, kisha ufagie kuelekea nje. Njia hii ilienezwa na daktari wa Marekani, Charles Bass, karne iliyopita, na bado ndiyo inayofundishwa. Inaonekana rahisi kwenye maelezo. Bafuni, saa kumi na moja alfajiri, na daladala inasubiriwa, mkono unarudi kwenye kusugua kama anayepiga deki.

Sasa, kuna jambo linalonikera katika mjadala wote huu wa mswaki upi. Jino haliozeshwi na ukosefu wa mota. Linaozeshwa na sukari, na linalindwa kwa kiasi kikubwa na floraidi iliyomo kwenye dawa ya mswaki. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliingiza dawa ya mswaki yenye floraidi kwenye orodha yake ya dawa muhimu, orodha ile ile yenye panadol na dawa za malaria. Tyubu ya dukani, Whitedent au Colgate, ukiigeuza nyuma utatafuta neno floraidi na namba. Kwa mtu mzima iwe kati ya 1,000 na 1,500 ppm, yaani sehemu za floraidi kwa kila sehemu milioni za dawa. Kisha watu wanaifanyia nini dawa hii? Wanaisukutua na kikombe kizima cha maji, mara tatu, hadi ladha iishe, ndipo wanaridhika kwamba mdomo umetakata. Floraidi yote imekwenda kwenye bomba. Tema povu, basi. Mwanzoni utaona mdomo mzito, siku chache unazoea. Na la usiku ndilo la lazima zaidi, kwa sababu ukilala mate yanapungua na mdomo unakosa ulinzi wake. Wengi wetu tumelelewa kupiga mswaki asubuhi kabla ya chai, tukaishia hapo. Anayetaka kutumia laki mbili kwa ajili ya meno yake na bado analala na chai ya maziwa yenye sukari tele mdomoni, mimi simwelewi.

Bibi yangu wa Tanga hakuwa na mota wala tyubu, alikuwa na kijiti cha msuaki, na alikufa na meno mengi. Alikitafuna ncha hadi ikawa nyuzi, akakipitisha polepole huku anaongea na watu barazani, hasa Ramadhani alasiri. Shirika la Afya Duniani lenyewe liliwahi kuhimiza matumizi ya vijiti hivi tangu miaka ya 1980 pale vilipozoeleka na kupatikana. Utando wa nje ya meno kinautoa vizuri mikononi mwa anayejua. Upande wa ndani wa magego kinafika kwa taabu, na hakikupi floraidi ya kutosha. Ila bibi hakuwa na soda ya kila siku pia, na hilo wanaomsifia kijiti huwa wanalisahau.

Kuna tatizo moja ambalo mswaki wowote hauligusi, na nalitaja kwa sababu shemeji yangu wa Arumeru aliniomba mswaki wa umeme "wa kuyatoa" madoa ya kahawia kwenye meno yake. Meno ya kahawia ya watu wengi wa Arusha, Meru na sehemu za Kilimanjaro yametokana na floraidi kuzidi kwenye maji ya ukanda wa volkano, wakati jino bado linajitengeneza ndani ya taya la mtoto. Magadi ya kupikia maharage na mboga yanaongeza. Kiwango kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na vyanzo vingi vya huko vinapita mbali hapo, ndiyo maana pale Ngurdoto kuna kituo cha utafiti kinachochuja floraidi kwa mkaa wa mifupa. Rangi ile iko ndani ya jino. Ukiisugua kwa mkaa, majivu au mchanga, unachopunguza ni jino. Shemeji nilimwelekeza kwa daktari wa meno, maana kuna namna za kuyafunika, na mswaki alioutaka hakuununua.

Juu ya ile miswaki ya betri ndogo, ya elfu kumi na tano au ishirini, inayouzwa kwa watoto ikiwa na picha za katuni: mingi haina nguvu ya kufanya kazi inayodaiwa, betri zikianza kuisha inakuwa mswaki wa kawaida wenye mpini mzito, na ile ambayo kichwa chake hakitoki inatupwa yote, mota na betri, kwenye takataka. Kama mtoto atavutiwa kupiga mswaki kwa sababu unanguruma, sawa, nunua, lakini jua umenunua kivutio.

Binti wa dada yangu, wa miaka 13, amefungwa waya za kunyoosha meno mwaka huu. Kwa huyo nilimshauri dada bila kusita anunue wa kichwa cha duara, maana chakula kinanasa kuzunguka kila kipande cha chuma na kichwa kidogo kinakizunguka. Nikamwambia anunue na vile vibrashi vyembamba vya kupenyeza chini ya waya, na pakiti ya vichwa vya akiba siku hiyo hiyo, kabla ya kuondoka dukani. Mdogo wake wa miaka mitano akataka na yeye. Kakataliwa, kalia, kanyamaza. Huyo bado anapigwa mswaki na mama yake, na ataendelea hadi afike miaka saba hivi: mswaki wa kawaida, kichwa kidogo, nywele laini, dawa kiasi cha punje ya njegere, na akimaliza anatema bila kupewa maji.